Mistari Inayoonekana Juani

Kitu cha kwanza alichokifanya na fulana zangu ni kuzigusisha shavuni. Nilikuwa nimetandika mitumba nje ya ukuta wa kituo cha petroli, pale barabara ya Bomet inapoanza kuuacha mji wa Kericho. Mtu mmoja mrefu, aliyevaa gambuti mbili za mpira zisizofanana, akachuchumaa mbele yangu. Akachagua fulana nyeupe iliyochakaa kuliko zote, akaibana kati ya shavu na bega kama anayesikiliza simu, akafumba macho. Nilidhani ana kasoro ya akili. Alizipitia zote namna hiyo. Mwishowe alichukua nne ambazo nilikusudia kuzitupa, akaniambia nikipata kuukuu zaidi ya hizo nisimpe mtu mwingine.

Hivyo ndivyo nilivyomjua. Mji ulikuwa na mafundi wa injini, wa breki na wa redio, lakini upande ule ukisema Fundi tu, bila nyongeza, ulimaanisha yeye. Kazi yake ilikuwa kuondoa mikwaruzo kwenye rangi ya magari. Siyo mikwaruzo ya kugongana, wala ya mtoto mwenye msumari, bali ile mistari myembamba kama uzi wa buibui ambayo huioni mpaka gari lisimame juani. Nilimfahamu karibu miaka yote ya tisini, kwa vipande, kwa sababu mimi sikukaa mahali. Nilikuwa na marobota yangu Chebunyo, nikahamia Longisa, nikajaribu Merigi, nikarudi Kericho, nikaondoka tena. Yeye alikuwa palepale nyuma ya kituo cha petroli, chini ya paa la mabati lisilo na kuta.

Na katika miaka hiyohiyo alikuwa akipoteza macho. Nalisema hilo mapema kwa sababu mengine yote yanalizunguka. Kazi yake ilikuwa ya macho, macho yalikuwa yanaisha, na hakutaka mteja hata mmoja ajue.

Alikuwa na somo moja ambalo kila mteja mpya alilipata kabla ya kitu kingine. Alimsimamisha mwenye gari mbele ya boneti, jua likiwa bado la asubuhi, akamwambia atazame pale jua linapojiona kwenye rangi. Kuuzunguka ule mwanga palikuwa na duara ndani ya duara, nyuzi maelfu. Mteja akianza kumlaumu aliyemwoshea gari kwa kuzungusha kitambaa, Fundi alimwambia asogee hatua mbili kushoto. Duara nalo lilisogea.

"Hakuna mviringo hapo," alisema. "Iko mistari kila upande, imelala vile imelala. Jua ndio inachagua ile ya kuonyesha."

Nimeona wanaume wazima, wengine na tai shingoni, wakiyazunguka magari yao wenyewe kama kuku anayetafuta pa kutagia, wakilifukuza lile duara.

Matope hayakumsumbua. Kinachoharibu gari, alisema, ni mtu anayeyatoa matope. Vumbi la barabara zetu za murram, lile jekundu, alilisaga kati ya vidole mbele ya mteja na kumwomba asikilize. Lilikuwa na sauti. Halafu alimwuliza gari limeoshwa wapi, na jibu lilikuwa lilelile siku zote: mtoni, kwa gunia, na sabuni ya unga. Fundi alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba wa mbali. Yeye alianza kwa kumwaga maji tu, mengi, bila kugusa. Kisha ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Alianza juu akashuka chini, kwa mistari iliyonyooka. Kitambaa kikianguka chini, hata kwenye nyasi, maisha yake ya kugusa rangi yaliishia hapo. Kilipelekwa kwa mafundi wa injini kufutia oili. Fulana zangu alizifumua mishono yote, akakata pindo na vifungo, akazichemsha.

Mtu huyohuyo alikula githeri kutoka kwenye mkebe wa zamani wa rangi. Zile gambuti, moja nyeusi na moja ya kijani, sikuwahi kuziona zikiwa safi. Nyumba yake, nilipokaribishwa chai, ilikuwa ya mbao ambazo hazijawahi kuonja brashi. Mkewe, aliyechuma chai kwenye shamba la kampuni, alinionyesha ule ukuta akaniambia nimwangalie vizuri mtu anayeng'arisha vya watu. Fundi akasema mbao zinahitaji kupumua, akaongeza sukari kwenye chai yake.

Tena, hakujua kuendesha gari. Miaka yote hiyo, na gari likimaliza kazi ilibidi atafute mtu wa kulitoa kivulini, au tulisukume, yeye akitembea mbele akitukataza kushika popote isipokuwa kwenye bampa. Alikuwa na subira ya kusugua kipande kinacholingana na sinia asubuhi nzima, lakini tukicheza drafti kwa vizibo vya soda na nikamla kete tatu kwa mpigo, aliipindua meza akasema mvua inakuja. Kanisani alikuwa shemasi. Kuku akiruka juu ya boneti, ushemasi uliwekwa pembeni kidogo.

Alitoka milima ya Kisii, mimi ni Mkipsigis wa Bomet, na tulitaniana kwa hilo kila siku. Alisema sisi watu wa maziwa tungeoshea magari maziwa kama mama zetu wangetuachia. Mimi nilimwambia wao wangeyamenya kama ndizi. Aliniita Mtu wa Fulana mpaka mwisho. Sina hakika kama alilijua jina langu.

Nyuma ya kibanda alitandaza waya, na juu ya waya zilikauka fulana zilizotumika: moja ya bluu, moja nyekundu, moja ya krimu, moja ya kijani kama majani ya chai. Siku za kwanza nilidhani zimepakwa rangi. Nilipomwuliza ule ni uchafu wa aina gani, alisema si uchafu.

"Hiyo ni gari yenyewe," aliniambia. "Ukitaka kuondoa mstari, huondoi mstari. Unapunguza rangi iliyo kando yake mpaka zilingane. Kila mara gari inatoka kidogo, na haiongezeki."

Kwa hiyo alikataa kazi nyingi kuliko alivyokubali. Palikuwa na mwenye pikapu nyekundu aliyekuja kila Krismasi akitaka gari ling'ae la kwenda nyumbani. Mwaka wa tatu Fundi aligonga boneti kwa kucha, akasema rangi imebaki kama ganda la kitunguu na hawezi kuigusa. Yule bwana akapandisha sauti, akaondoka, akatafuta mtu mwingine. Wapo waliofanya kazi hiyo kwa njia ya mkato: walipaka mafuta mazito, mistari ikajaa, gari likameta kama mtoto aliyepakwa mafuta siku ya kwanza ya shule. Fundi hakuwachukia, ila hakuweza kunyamaza. "Hiyo ni kuficha," alisema. "Ngoja mvua ya saa nane."

Kwetu Kericho mvua ya saa nane haivunji ahadi. Saa kumi lile gari lilikuwa na mistari yake yote.

Hapo ndipo penye fundo. Mtu aliyechukia kuficha kuliko wote niliowajua alikuwa naye anaficha. Niligundua kwenye drafti. Vizibo vyake vilitazama juu, vyangu chini, na msimu mmoja niliporudi kutoka Chebunyo niliona kwamba kabla ya kucheza anakigusa kila kizibo kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja, kama anayevihesabu. Kisha nikaona kwamba lile somo lake la jua limebadilika. Zamani alimwonyesha mteja. Sasa alimwuliza: unaona nini, wapi, upande gani. Wateja walipenda, waliona wanaheshimiwa. Hata mimi alianza kuniita kila baada ya nusu saa nije nitazame, na nilijidanganya kwamba jicho langu limekuwa zuri.

Nilimwuliza tukiwa wawili. Hakukana. Alisema daktari wa macho amemwambia kinachokwenda hakirudi, na kwamba kinakwenda kutoka pembeni kikielekea katikati, kama mtu anayefunga mlango polepole.

"Mama watoto anajua," alisema. "Sasa wewe unajua. Ikifika kwa wateja, nimeisha."

Nikamwahidi. Haikuwa ahadi ngumu, kwa sababu nilikuwa na robota linalonisubiri Longisa.

Gari lililoivunja siri lilikuwa Pijo ya bluu iliyokolea, ya mwalimu mkuu mstaafu wa Merigi ambaye sisi wote tulimwita Mwalimu. Bluu iliyokolea haisamehi kitu. Mwalimu alikuwa mteja wa miaka mingi na aliosha gari kama alivyofundishwa, ndoo mbili na yote. Lakini binti yake alikuwa amehitimu, na nyumbani walimpokea kwa heshima zote. Walilivika gari sinendet, ule mti wa kutambaa tunaomvisha mtu aliyeshinda, kuanzia bampa hadi kioo, wakalisindikiza kwa mwendo wa miguu kwenye barabara ya vumbi, akina mama wakiimba na kulipiga boneti kwa mashada. Sinendet ikikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Asubuhi utomvu ulikuwa umekauka juu ya vumbi. Senge wake Mwalimu, dada ya marehemu baba yake, bibi wa miaka isiyojulikana, aliamka kabla ya wote akaona aibu ile, akachukua sosiot, ule mti mgumu wenye nyuzi tunaosugulia vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akalisugua gari lote. Alilisugua kwa upendo. Hakuacha mahali.

Mwalimu alilileta kwa Fundi, akazima injini, akakaa ndani kwa muda kabla ya kutoka. Alieleza kwa sauti ya chini. Hakutaka fidia wala rangi mpya. Alichotaka ni kwamba Jumapili, bibi atakapopanda kwenda kanisani, asione alichokifanya.

Fundi alipitisha kiganja juu ya boneti, akasema kwa mkono haitawezekana kufika Jumapili. Akaazima mashine ya kusugulia, ile ya umeme yenye manyoya ya kondoo, ambayo aliitumia kwa nadra na bila furaha. Siku mbili alifanya milango na paa, na kila baada ya muda aliniita. Siku ya tatu ilikuwa boneti. Mimi nilikuwa nafunga robota niondoke. Aliniita mara moja, nikasema nakuja. Nakumbuka hilo vizuri, nilisema nakuja, nikaendelea kukaza kamba.

Mashine ikanyamaza. Nilipogeuka, Fundi alikuwa ameiweka chini na kiganja chake kimelala kwenye ule mkunjo wa katikati ya boneti, pale bati linapoinuka na rangi inakuwa nyembamba kuliko kwingine kote. Kidole chake kilikwenda na kurudi mahali pamoja. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi na gazeti. Mhudumu wa petroli alikuwa amesimama karibu, na wateja wengine wawili.

"Mwalimu, kuja," Fundi alisema. "Nimechoma rangi ya gari yako."

Mwalimu akaja, akainama. "Ni padogo," akasema.

"Padogo aje?"

"Si hapa unaposhika?"

Ningeweza kusema kitu pale. Ningeweza kusema, ndiyo, ni hapo, ni padogo, naye angepita.

"Sioni, Mwalimu," alisema. "Niambie wewe."

Mwalimu alimtazama usoni kwa muda, kwa macho ya mtu aliyekaa miaka thelathini mbele ya watoto wanaoficha mambo. Kisha akalaza kidole gumba chake pale kwenye bati.

"Inalingana na kucha yangu," alisema. "Imekuwa kijivu."

"Hiyo ni praima, ile rangi ya chini. Pole."

"Tangu lini, macho?"

"Mwaka wa tatu sasa."

"Na umefanya hizi gari zote."

"Kwa kuuliza watu. Leo niliona haya kukuuliza. Wewe umenifundishia watoto."

Mwalimu alikunja gazeti lake, akasema kazi iliyobaki imalizwe kwa mkono, na Jumapili bibi atapanda. Alipanda. Nilisikia baadaye kwamba alilisifu gari kote, akaliona lile doa la kijivu, akadhani ni kinyesi cha ndege, na Mwalimu akawahi kuificha sosiot.

Mwalimu hakumsema Fundi popote. Lakini wale wengine walikuwa na midomo, na mji si mkubwa. Mimi niliondoka na robota langu siku ileile, sikumuaga vizuri, nikakaa mbali kwa muda mrefu kuliko ilivyonilazimu. Nilisema biashara ni nzuri Chebunyo. Haikuwa nzuri.

Nilirudi miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimenunua pikapu ya mitumba, ya kijani iliyokolea, iliyopita mikono mingi na magunia mengi. Nilimkuta palepale chini ya mabati, amekonda, amevaa gambuti mbili zinazofanana safari hii. Mwanawe alikuwa amezileta. Alinitambua kwa sauti, akauliza kama bado nauza matambara nikiyaita nguo.

Kazi alikuwa nayo, alisema. Hakugusa mashine tena. Aliosha, akasugua kwa mkono kwa dawa ya kung'arishia, ile laini kabisa isiyoweza kuchoma rangi, akapaka nta. Watu hawakumkimbia kama alivyoogopa. Ilikuwa afadhali wangemkimbia. Walikuja, wakamwachia magari, na alipowauliza wanaona nini walisema hawaoni kitu, Fundi, ni safi kabisa, kioo. Walisema hivyo wote. Kisha wengine walipita na magari hayohayo mpaka kwa fundi mwingine wa rangi, juu kule barabarani, na yeye alizisikia injini zikipita, kwa sababu aliyajua magari yale kwa sauti.

"Wananionea huruma," alisema. "Sasa sijui kama nimemaliza gari ama nimeanza. Nasugua tu."

Mwalimu peke yake ndiye aliyemwambia ukweli, lakini Mwalimu alikuwa amezeeka, hatoki sana Merigi.

Nikampa funguo za pikapu, halafu nikakumbuka, nikaisogeza mwenyewe chini ya mabati. Aliiosha kwa saa nzima. Akaanza kwenye boneti, upande wa dereva, mkono ukienda na kurudi kwa mstari ulionyooka, kipande kama sinia, kisha kipande kingine. Sikuwa na haraka kuliko siku nyingine, lakini miguu yangu ilikuwa na haraka, ndivyo ilivyoumbwa. Nilikuwa nimeahidi kufika Longisa siku ileile. Alipomaliza boneti aliniambia niisukume juani. Nikaisukuma. Alisimama kando yangu, uso ameuelekeza pale alipodhani jua lipo, na hakukosea sana.

"Unaona nini?" akauliza.

Upande wa dereva ulikuwa mzuri, mweusi kwa ukijani wake, wenye kina. Upande wa pili mistari ilikuwa imejaa tele, duara ndani ya duara, kama hakupita kabisa. Nadhani hakupita. Neno safi lilikuwa tayari mdomoni mwangu, na lingetoka kwa sauti nzuri, na ningekuwa Longisa kabla ya mvua.

"Imebaki," nilisema. "Kushoto yote."

Akashusha pumzi. Sijui niieleze vipi ile pumzi. Ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo, au ya mtu aliyekabidhiwa.

"Wapi? Shika mkono."

Nikamshika kifundo cha mkono, nikamwekea kiganja kwenye kona, shubiri moja kutoka kwenye taa, nikamwonyesha mistari inaanzia wapi na inaishia wapi. Tukairudisha kivulini ipoe. Akasugua. Tukaitoa nje. Nikamwambia imepungua lakini iko. Tukairudisha. Longisa nilikuwa nimeshaisahau, au nilikuwa nimeamua kuisahau, sikumbuki. Mara ya nne niliitazama haraka nikamwambia imetosha.

"Imetosha kwa sababu imeisha," akauliza, "ama kwa sababu umechoka?"

Nikaangalia tena, vizuri.

"Nimechoka," nikamwambia.

"Basi tukae kwanza," akasema, akatafuta ndoo kwa mguu, akaipindua, akanisogezea.